Ukishavua kitambulisho cha kazi shingoni, unabaki nani?

Ukitaka kuamsha mjadala kwenye kijiwe chochote cha watumishi wa umma Tanzania we taja kikokotoo tu, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, basi, kila mtu ana la kusema na sauti zinapanda, na wana haki kabisa ya kupandisha sauti. Mwaka 2018 mifuko ya pensheni ya watumishi wa umma ikaunganishwa ukazaliwa mfuko mmoja wa PSSSF, zikaja kanuni za kulipa asilimia 25 tu ya mafao kwa mkupuo, yaani fedha za mara moja mtu anapostaafu, watu wakalalamika mpaka Desemba ya mwaka huohuo Rais Magufuli akazisimamisha, halafu Julai 2022 ikaja asilimia 33, na 2024 ikapandishwa hadi 40 kwa wale waliokuwa wanalipwa nusu zamani. Twende kwenye hesabu ili tusibishane hewani. Chukua mtumishi ambaye mshahara wake wa miaka ya juu ni wastani wa milioni moja kwa mwezi na kafanya kazi miaka 35. Kwa kikokotoo cha mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF, kile cha 1/540 ya mshahara wa mwaka kwa kila mwezi wa kazi, halafu nusu ya pensheni hiyo ya mwaka inazidishwa mara 15.5 kupata mkupuo, alikuwa anaondoka na kama milioni 72 mkononi, halafu kila mwezi anapata kama laki 3 na elfu 89. Kwa kile cha 2022, cha 1/580 na mara 12.5, mkupuo ukashuka mpaka kwenye milioni 35.8 na pensheni ikapanda hadi kama laki 4 na elfu 85. Kwa asilimia 40 ya sasa mtu huyohuyo anapata kama milioni 43.4 na pensheni ya laki 4 na elfu 34 hivi. Mtu aliyeanza kazi akiwa na matumaini ya milioni 72 akaja kuambiwa 43 akiwa amebakiza miaka miwili, huyo usimwambie atulie.

Lakini kuna kitu kingine kinatokea kwenye kustaafu ambacho hakimo kwenye kanuni yoyote na hatukijadili kabisa, na hata wale wa milioni 72 kiliwapata. Mtu anaamka Jumatatu ya kwanza, anaoga saa kumi na moja alfajiri kama kawaida, anavaa, halafu hana pa kwenda. Hapo ndo swali linaanza. Na mi naamini swali hilo, pamoja na maumivu yake yote, ni moja ya nafasi chache sana ambazo maisha yetu yanatupa za kukaa chini na kujiuliza haya mambo niliyokuwa nayaamini na kuyafuata miaka yote hii, ni nani aliyeniwekea kichwani?

Baba yangu mdogo alikuwa afisa kwenye halmashauri moja mkoani Morogoro. Alipokuwa kazini simu yake ilikuwa haitulii, hata msibani ilikuwa inaita, watu wanataka saini, wanataka ushauri, wanataka awe mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule, kwenye harusi za ukoo yeye ndo mwenyekiti wa kamati bila hata kupigiwa kura. Alivyostaafu haikuchukua muda, simu ikawa inaleta meseji za mtandao wa simu na za wanaotaka mkopo. Kuna jioni tumekaa nje akaniambia, "Mwanangu, kumbe wale walikuwa wanakitafuta kiti." Sikuwa na la kumjibu kwa sababu alikuwa anasema kweli. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba na yeye mwenyewe alikuwa hajui tofauti kati yake na kile kiti, miaka yote ile alikuwa anaamini anayeheshimiwa ni yeye.

Na hakujifundisha mwenyewe hilo, alifundishwa, na sisi sote tumefundishwa. Mtoto wa chekechea anaulizwa ukikua utakuwa nani, na jibu linalopigiwa makofi ni rubani, daktari, mwanajeshi. Hakuna mtoto aliyewahi kusema nikikua nataka kuwa mtu mwenye subira au mtu anayesikiliza wenzake halafu akapigiwa makofi. Kwenye ukumbi wa harusi utambulisho ni cheo, huyu ni mjomba yupo wizarani, huyu ni shangazi yupo benki, na yule mjomba anayelima nyanya anatambulishwa kwa jina tu na maikrofoni inapita haraka. Mshenga anapoenda kwa wazazi wa binti swali la mapema ni kijana anafanya kazi gani. Ukiishi humo miaka 60 utaachaje kuamini kwamba wewe ni kazi yako?

Wakati mambo haya hata si ya zamani kivile. Hii habari ya mtu kupimwa kwa ajira ya mshahara kwetu ina umri wa vizazi vinne au vitano tu. Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898, na lengo halikuwa hela peke yake, walitaka watu watoke kwenye mashamba yao waende kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi na kwenye ujenzi, maana kodi ililazimisha watu kutafuta fedha. Wakaja Waingereza, manamba wakaendelea kupelekwa kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na pembeni kidogo likakua tabaka la makarani na walimu na madresa, wale wahudumu wa kufunga vidonda hospitalini, wanaovaa viatu na kupata mshahara wa mwezi. Uhuru ulipopatikana 1961 nchi ilikuwa na wasomi wachache mno, kwa hiyo aliyesoma aliajiriwa moja kwa moja, akapewa nyumba ya serikali, na kijiji kizima kikaona kwa macho yake kwamba shule inazaa ofisi na ofisi inazaa heshima. Wazazi wetu hawakutudanganya walipotuambia soma upate kazi. Walikuwa wanasimulia walichokiona kwa kaka zao. Tatizo ni kwamba kilichokuwa habari ya wakati fulani, nchi changa yenye uhaba wa watu waliosoma, kikageuka kuwa kanuni ya kumpima binadamu, na kanuni hiyo ikabaki hata ajira zenyewe zilipoanza kupungua baada ya mageuzi ya uchumi ya kuanzia 1986.

Angalia kwa upande mwingine watu waliokuwa na mfumo wa rika. Kwa Wamasai mtu akimaliza umorani kuna sherehe ya Olng'esherr inayomwingiza kwenye uzee, na hapo anaingia kwenye baraza la wanaoamua mambo, yaani anapoacha kazi moja anapokelewa kwenye nyingine, na jamii nzima inajua sasa huyu ni nani. Sisemi turudi huko, na mfumo ule ulikuwa wa wanaume, wanawake walikuwa na nafasi ndogo sana ya kuamua chochote, hilo siwezi kulifumbia macho. Nachosema ni kwamba walielewa jambo moja ambalo ofisi zetu hazijalielewa, kwamba binadamu akitolewa mahali lazima awepo mtu wa kumpokea upande wa pili. Ofisini tuna hafla ya kuagwa. Kuna soda na pilau, kuna risala, kuna zawadi ya mabati na saruji au friji, mkuu wa idara anasema mzee wetu sasa ukapumzike, watu wanapiga picha, kesho yake kadi ya getini haifanyi kazi. Kuaga tunajua sana, ila kupokea hakuna aliyepewa hilo jukumu.

Sasa hapo katikati, kati ya kuagwa na kutopokelewa, ndo watu wanaangukia kwenye mambo mawili. Wengi wanakimbilia kutafuta kiti kingine haraka ili lile swali lisiwafikie. Anachukua mkupuo anajenga gesti, ananunua Noah tatu za abiria, anagombea uenyekiti wa mtaa, si kwa sababu anapenda hoteli au usafiri, anataka tu aendelee kuitwa mkurugenzi. Na sitaki kuwahukumu maana hata semina za wastaafu watarajiwa zinawasukuma hukohuko, ukienda kwenye zile semina ni ufugaji wa kuku, kilimo cha matikiti, uwekezaji kwenye hati fungani, vitu vizuri vyote lakini ni hela, hela, hela. Mtu aliyekaa mezani miaka 35 hajawahi kufuga hata bata anaambiwa ndani ya siku mbili awe mfugaji. Kuku wakifa anaona yeye ndo kashindwa maisha. Hakuna anayemuuliza, mzee, kabla ya kazi ulikuwa unapenda nini, mke wako mnaongea nini mkikaa wawili, ni lini mara ya mwisho umekaa na mtoto wako bila kumuuliza matokeo ya mtihani?

Wachache wanafanya kitu tofauti, wanakaa na lile swali mpaka linawafungua macho, na hapa nataka nimuongelee mama yangu kwa sababu kwake ndo nimejifunza mengi kuliko popote.

Mama alikuwa muuguzi, Iringa. Zamu za usiku miaka nenda rudi, anatoka wodini asubuhi anapitia sokoni, anapika, anatuandaa shule, analala masaa mawili matatu, anaamka kufua. Alipostaafu sisi watoto, na nasema sisi kwa maana kulikuwa na makubaliano ambayo hata hayakujadiliwa, tulijua mama sasa ana muda. Dada yangu Dar alikuwa kajifungua, mfanyakazi wa ndani kaondoka, kwenye grupu la familia ikaandikwa mama utakuja lini umkalie mjukuu. Hakuna aliyeuliza kama atakuja. Ni lini tu. Mama akasoma meseji hakujibu siku mbili, siku ya tatu akatuma sauti, katulia kabisa, akasema siji kukaa, nitakuja kusalimia wiki mbili nimbebe mjukuu wangu nifurahi, halafu narudi kwangu. Akasema, "Nimeamka usiku kwa ajili ya watoto wa watu na watoto wangu tangu nikiwa msichana. Sasa nataka nilale."

Grupu lilikaa kimya. Shangazi mmoja akapiga simu kuuliza kama mama anaumwa. Mwingine akasema ni mambo ya kizungu hayo, bibi gani anakataa mjukuu. Na hapo ndo ukiangalia vizuri unaona jinsi tulivyofundishwa, kwamba mwanamke akisema nimechoka watu wanatafuta ugonjwa kwanza, maana haiingii akilini kwamba anaweza kuwa mzima na bado akasema hapana. Mwanaume akistaafu anaambiwa pumzika mzee. Mwanamke akistaafu anaambiwa sasa una nafasi. Alikuwa na kazi mbili, serikali imemstaafisha moja, ile nyingine hakuna barua ya kustaafu, hakuna hafla, hakuna mabati.

Mama hakukataa familia. Mjukuu anakuja likizo Iringa na wanapendana sana. Alichokataa ni kupangiwa na watu maana ya yeye kuwa mama bila kuulizwa. Sasa hivi yuko kwenye kwaya ya wazee kanisani, yuko kwenye kikoba na wenzake, anasafiri kwenda Njombe kwa rafiki yake waliyesoma naye uuguzi wanakaa siku kadhaa wanapiga stori. Aliniambia kuna kitu kimemshangaza, kwamba miaka yote alikuwa anajua dawa ya kila mtu nyumbani ila alikuwa hajui yeye mwenyewe anapenda chakula gani, maana alikuwa anapika tunachopenda sisi. Mwanamke wa miaka 60 anakaa jikoni anajiuliza mimi napenda kula nini. Nilivyosikia hivyo nilinyamaza muda mrefu.

Ila sasa nije kwenye uchambuzi wenyewe, maana hizi stori za mtu kujitambua zinapendwa sana mtandaoni na mara nyingi zinaishia kwenye ujasiri wa moyo, kwamba mama alikuwa jasiri basi. Alikuwa jasiri ndiyo. Lakini mi nikiangalia kwa karibu naona kilichompa mama nafasi ya kusema hapana ni pensheni ya kila mwezi inayoingia kwenye akaunti yenye jina lake. Angekuwa anategemea sisi watoto tumtumie hela ya unga, lile hapana lingemkwama kooni, angeenda Dar, angemlea mjukuu, angetabasamu, na sisi tungesema mama yetu ana upendo. Ni wanawake wangapi wanaotabasamu hivyo saa hizi?

Kwa hiyo kikokotoo na kujitambua ni mambo yanayokwenda pamoja. Na kuna jambo ambalo kwenye mjadala wa mkupuo naona tunalipita, kwamba mkupuo ukishaingia ukoo mzima unajua, unakuwa wa ukoo, mdogo wako anataka mtaji, mpwa anataka ada, mtoto wa kwanza anataka harusi ya hadhi ya mzee aliyestaafu, na kukataa ni kuonekana una roho mbaya. Mafundisho yote ya jamii kuhusu nani anamdai nani yanakutana siku ile fedha inapoingia. Pensheni ya mwezi ni ndogo, haiiti wageni, na kwa sababu hiyo inabaki ya mtu mwenyewe. Naomba nisieleweke vibaya, sitetei kupunguziwa mkupuo, ahadi aliyopewa mtu akiwa kijana iheshimiwe, na mtu akitaka kujenga nyumba aliyoipanga miaka 30 ni haki yake. Ila tunapodai mkupuo urudi kama zamani tudai kwa nguvu hiyohiyo pensheni ya mwezi inayomtosha mtu kuishi, na ipande bei za vitu zinapopanda, kwa sababu hiyo ndo inayomfanya mzee awe na kauli ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Na kuna watu ambao haya yote hayawahusu hata kidogo, na ndo wengi. Mama wa mtaa wa pili anauza maandazi, ana miaka 66, hana tarehe ya kustaafu, siku akiumwa ndo kastaafu, siku akipona kaajiriwa tena. Bibi anayelima mahindi Kasulu hajawahi kuwa na kitambulisho cha kazi shingoni cha kukivua. Ukimwambia habari za kujiuliza mimi ni nani nje ya kazi atakuangalia, maana kazi ikisimama na sufuria inasimama. Zanzibar wao Aprili 2016 walianzisha pensheni jamii kwa kila mzee wa miaka 70 na kuendelea, aliyeajiriwa na asiyeajiriwa, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi na baadaye 2023 ikapandishwa hadi 50,000. Kenya wana Inua Jamii, shilingi 2,000 za kwao kwa mwezi, ikiwemo kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea. Ni hela ndogo, hakuna anayebisha. Lakini angalia wazo lililomo, hasa kwenye ile ya Zanzibar, kwamba mzee analipwa kwa sababu ni mzee, haulizwi ulikuwa nani wala ulifanya kazi wapi. Mi naona hilo ni wazo kubwa sana, linapingana moja kwa moja na kile tulichofundishwa tangu kodi ya Wajerumani, na Bara tumelizungumzia miaka na miaka bila kulifikisha popote.

Kuna wanaosema haya maswali ni anasa, kwamba kijana hana ajira unamletea habari za wastaafu kujitafuta. Nawaelewa, lakini ni swali lilelile. Kijana mwenye digrii anayekaa nyumbani mwaka wa nne na kujiona hana thamani mpaka anaogopa kwenda kwenye harusi ya binamu yake asije akaulizwa uko wapi siku hizi, na mzee aliyestaafu anayeacha kwenda baa aliyokuwa anakaa na maafisa wenzake, wote wawili wanaumizwa na imani ileile. Mmoja hajakipata kiti, mwingine kanyang'anywa. Mwaka 2014 watu zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa kwenye usaili wa Uhamiaji, nafasi zilikuwa 70. Wale zaidi ya 9,900 waliorudi nyumbani, kwa kanuni tuliyonayo, tunawaambia nini kuhusu wao ni nani? Tatizo la ajira ni la kweli na linahitaji sera, lakini aibu wanayobeba hiyo tumeiweka sisi, kwenye meza za harusi na kwenye simu za sikukuu.

Mi ningependa mambo machache yabadilike, na hayahitaji bajeti. Semina ya kustaafu isisubiri mtu abakize miezi sita, aitwe akiwa na miaka 45 na aitwe na mwenzi wake, maana nyumba nyingi zinaanza ugomvi siku mzee anapoanza kushinda sebuleni na kuuliza mbona chumvi imeisha haraka, wakati mama huyo ameiendesha hiyo nyumba miaka 30 bila ripoti. Humo kwenye semina waitwe wastaafu wa miaka mitano sita iliyopita, wanaume kwa wanawake, waseme ukweli wa Jumatatu ya kwanza na wa ile simu iliyonyamaza. Ofisi ziwape wastaafu nafasi ya kufundisha vijana hata siku moja kwa mwezi, si kwa huruma, ni kwa sababu muuguzi wa miaka 35 wodini anajua vitu ambavyo havipo kwenye kitabu. Na sisi watoto kabla hatujaandika kwenye grupu mama utakuja lini, tupige simu, tumuulize kwanza kama anataka kuja, halafu tunyamaze mpaka ajibu.

Baba mdogo bado anahangaika. Aligombea uongozi wa kitu fulani pale mtaani akakosa, akanuna miezi. Juzijuzi nimesikia ameanza kwenda shule ya msingi ya jirani kuwafundisha watoto hesabu za kugawanya jioni, hakuna malipo, na watoto wanamuita babu, hawajui alikuwa afisa.